Sauti Mbili za Wifi Tiominar

Kaka yangu Prasetya alikwenda Sumatra kujenga barabara, akarudi na mke. Barabara yenyewe sijui kama iliisha. Mke alikuwa fundi cherehani wa Balige, mji ulio kando ya Ziwa Toba, mtu wa kabila la Batak, ukoo wa Sihotang, na jina lake Tiominar. Walikutana kwa sababu ya suruali. Kaka aliichana akipanda gari la kifusi, akaipeleka kushonwa, na fundi akamwambia mbele ya wateja wote kwamba mwanaume anayeparamia magari kama mbuzi ashone suruali ya ngozi. Kesho yake kaka alirudi na suruali nyingine, na hiyo aliichana mwenyewe kwa mkono.

Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, na katika nyumba yetu ya mtaa wa Laweyan, hapa Solo kisiwani Java, tulibaki mimi na mama tu. Mimi nilikuwa bado sekondari. Kwa hiyo kaka alipooa, alimleta mkewe tuishi pamoja.

Majirani walitupa pole mapema. Wabatak, walisema, wakisalimiana utadhani wanapigana. Mama yetu, Bi Murtiningsih, alilelewa na bibi aliyekuwa mpishi kwenye kasri ya mfalme, na katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia sauti yake ikivuka ukuta. Akitaka kunigombeza alishusha sauti zaidi, mpaka nikalazimika kumsogelea ili nigombezwe vizuri.

Kijava chetu kina ngazi. Kuna cha chini, unachoongea na rafiki, na mdogo wako, na paka. Kuna cha juu, unachomwongelesha mkubwa wako, mgeni na mkwe. Si suala la kuongeza tafadhali. Maneno yenyewe hubadilika, kula kunakuwa na jina lingine, kulala lingine, hata macho na miguu. Kiindonesia cha shuleni tulikijua sote, na wifi pia alikijua, lakini mama hakukipenda ndani ya nyumba. Alisema ni lugha nzuri ya kuulizia stendi.

Basi wifi akakaa chini kujifunza Kijava, na mwalimu wake alikuwa mama peke yake. Asubuhi wakikaanga tempe za soya, mama anataja, wifi anarudia. Jioni wakikunja nguo, mama anataja, wifi anarudia. Na kwa kuwa mkamwana humwongelesha mama mkwe kwa lugha ya juu, wifi alijifunza hiyo tu. Cha chini hakukijua kabisa. Mwaka ulipokwisha tulikuwa na mtu wa ajabu mtaani: Mbatak mwenye kifua kipana na kicheko cha kutikisa vyombo, ambaye akifungua mdomo kwa Kijava anatoka binti wa kasri. Alimwongelesha muuza mboga kwa lugha ya juu. Alimwongelesha mbwa wa jirani kwa lugha ya juu. Siku moja nilimkuta mlangoni akimfukuza kuku.

"Naomba radhi," alikuwa akimwambia kwa sauti ya kunong'ona, "kama haitakuwa usumbufu, ningeomba utoke kwenye mchele."

Kuku aliendelea kula.

"Wifi, mfukuze kwa Kibatak," nikamwambia.

Alitazama nyuma kama mama yupo, kisha akatamka neno moja tu kutoka tumboni. Kuku yule alipita juu ya ukuta, na sidhani kama alirudi Laweyan.

Nilipenda kukaa naye katika chumba chake cha ushonaji, nikimtazama. Akizungumza Kijava mabega yalishuka, mikono ikakaa mapajani, na akielekeza kitu alitumia dole gumba, kama inavyotakiwa. Sindano ikimchoma alipiga yowe la Kibatak, akajipangusa, kisha akaendelea na Kijava pale alipoishia. Hesabu za vipimo alizifanya kwa Kibatak. Sala ya chakula aliisema kwa Kijava mbele yetu, ila niliiona midomo yake ikiirudia kwa Kibatak, harakaharaka, kama mtu anayehakikisha kwamba ujumbe umefika.

"Kwani kwa Kijava huwa hukasiriki?" nilimuuliza siku moja.

Alifikiri akiwa na pini mdomoni. "Sijui hasira inakaa wapi humo," alisema. "Mama yako hajanionyesha."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka asubuhi moja ya Jumamosi. Mimi na mama tulikuwa jikoni, wifi yupo sebuleni kwenye simu ya mezani, anaongea na kaka yake mkubwa, Tumpal, kule Balige. Alianza taratibu. Kisha ghafla akaanza kupaza sauti. Akapiga meza. Akacheka kicheko kimoja kikali, akapaza tena, na kutoka kwenye simu tukasikia Tumpal naye akiunguruma kama lori linalopanda mlima. Mama aliweka kisu chini.

"Endah," akaninong'oneza, "wanagombana?"

"Sijui, mama. Sielewi."

"Ametaja jina la Pras?"

"Nimesikia Prasetya mara kadhaa."

Mama akakaa kwenye kigoda. Uso ulimpauka. "Anaomba aje kuchukuliwa," alisema. "Mwanangu amemkosea nini? Au ni mimi? Juzi nilimsahihisha mara mbili mbele ya mgeni."

"Basi tumuulize."

Mama alinitazama kana kwamba nimependekeza tumvue nguo. Mtu hamuulizi mkwewe jambo kama hilo. Badala yake alitengeneza chai yenye sukari nyingi, akaiweka kwenye kikombe cha wageni, akaipeleka sebuleni kwa mikono miwili, akasimama pembeni na kichwa chini. Nilimfuata. Wifi alikuwa amekwisha kuweka simu, machozi yanamtiririka, anapumua kama aliyetoka mbioni.

"Mwanangu," mama alisema, "kama kuna lolote katika nyumba hii lisilokupendeza, mimi mzee nisiyejua kitu naomba unisamehe."

Wifi alishtuka. Mabega yakashuka, sauti ikashuka, mikono ikakutana. Nilimwona akitafuta neno, analipata, analiacha, anachukua lingine. Kijasho kilimtoka juu ya mdomo. Hatimaye akainama na kusema, kwa Kijava cha juu kuliko chote nilichowahi kumsikia nacho:

"Mama, naomba kuarifu ya kuwa mtukufu mimi nimejaliwa kuhimili."

Kuna neno la ujauzito ambalo hutumiwa kwa mtu wa heshima, mke wa mkubwa, malkia. Halitumiki kwa nafsi yako. Mtu hajivishi taji mwenyewe. Na kuna neno la chini, ambalo wifi alilisikia likitajwa juu ya paka wa sokoni, akaliogopa. La katikati hakulijua. Ndiyo maana wiki mbili nzima alikuwa na habari hiyo, akitaka kuisema mwenyewe, na hakuweza kumwambia mama, kwa kukosa neno tu. Kwa Kibatak halikuwa na tabu, kwa hiyo Tumpal akapata habari kabla yetu, na zile kelele zilizotutoa roho jikoni zilikuwa za furaha.

Mama alisimama na kikombe mkononi. Kwanza midomo ilimtetemeka. Akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha, na mimi ni shahidi, mama yangu alicheka kwa sauti. Chai ilimwagika. Alicheka mpaka akashika ukuta, na wifi, aliyekuwa hajui amekosea wapi, alianza kucheka kwa sababu mama anacheka, na kile chake kilikuwa cha Kibatak.

"Mtukufu," mama alisema akijifuta macho, "kaa chini basi. Utachoka kusimama."

Kwa miezi yote iliyobaki alimwita hivyo. "Mtukufu amekula?" aliniuliza. "Mtukufu asibebe ndoo." Sikuwa nimejua kwamba mama ana utani.

Siku ya kujifungua, kaka aliniambia baadaye, mkunga alichanganyikiwa kabisa. Uchungu ukija wifi alinguruma Kibatak, akawaita mama yake na ukoo mzima wa Sihotang. Uchungu ukitulia alimgeukia mkunga, mikono kifuani, na kumwomba radhi kwa Kijava cha juu kwa kelele alizosababisha. Kisha unarudi, naye ananguruma. Mama alikuwa pembeni amemshika mkono na hakumsahihisha neno hata moja. Akazaliwa msichana, wakamwita Lintang.

Mimi niliolewa Lintang akiwa na miaka minne. Hananto, mume wangu, ni wa Laweyan hukuhuku, kwa hiyo harusi ilifanyika mbele ya nyumba yetu, barabara ikafungwa na turubai kubwa likatandwa juu ya viti. Kwetu Solo mgeni hafuati chakula, chakula humfuata mgeni: amekaa, vijana wa mtaa wanapitisha kwanza chai na vitafunwa, halafu supu, halafu wali, halafu barafu tamu. Ukiona barafu unajua ni wakati wa kwenda nyumbani.

Mvua ilianza kwenye supu. Haikuwa ya kutisha. Vijana waliendelea kupita na trei, na mzee Sastro, mkubwa wa ukoo upande wa baba, akasimama kutoa nasaha. Mzee Sastro ana Kijava kizuri kuliko watu wote ninaowajua, na anajua hivyo. Alianza na shukrani kwa waliopo, kisha kwa wasiokuwepo, kisha kwa waliotangulia. Mvua ikaongezeka. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha bibi harusi, nywele zimefungwa na maua mazito kiasi kwamba sikuweza kugeuza shingo, lakini macho yaliona. Juu ya safu ya mbele, walipoketi mama mkubwa Sunarti na wazee wenzake, turubai lilikuwa limefanya tumbo. Maji yalikuwa yamekusanyika hapo, na tumbo lilishuka kidogo kila nilipotazama.

Wengine nao waliliona. Niliwaona wakiinua macho na kuyashusha. Mama mkubwa Sunarti mwenyewe aliliona. Alisogeza bakuli lake la supu kidogo, akaendelea kusikiliza. Mzee alikuwa akizungumza. Nani angeinuka?

Wifi Tiominar alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, amevaa kebaya, blauzi ya sherehe ya zambarau, aliyoishona mwenyewe. Nikamwona ameona. Akatembea kwa hatua ndogo, ameinamisha mgongo kama inavyopasa kupita mbele ya wakubwa, mpaka kwa mshereheshaji. Akamwambia kitu. Mshereheshaji akainamisha sikio, akatabasamu, hakusikia. Wifi akarudia. Nilijua tu anachosema, maana niliona mikono yake ilivyokaa: alikuwa kwenye kuomba radhi. Lugha aliyofundishwa haikuwa na mlango wa mbele. Kuifikia habari ilibidi upite uani, umsifu mwenye nyumba, uombe samahani kwa viatu vyako.

Mti mmoja wa turubai ukalia.

Wifi alisimama wima. Mabega yakapanda. Nikaiona Balige inaingia ndani ya ile kebaya.

"Jongjong!" alipiga ukelele. "Jongjong hamu sude!"

Hakuna mtu pale aliyejua Kibatak. Na hakuna aliyebaki kwenye kiti. Wazee waliokuwa wakishikwa mikono kuinuka waliinuka peke yao. Wifi alikuwa amekwisha kufika safu ya mbele, anawasukuma kwa mikono miwili kuelekea barazani, anapiga kelele mfululizo, na walikwenda kama maji yanayokwenda mferejini. Mzee Sastro naye alikwenda, kipaza sauti kikiwa bado mkononi. Mti ukavunjika, turubai likashuka, na maji yote yale yakaangukia viti vitupu, na mti wenyewe ukalala pale alipokuwa mama mkubwa Sunarti. Bakuli lake la supu lilikuwa vipande.

Watu wote tumebanana sebuleni na barazani, tumelowa, tunatazama. Wifi alikuwa katikati yetu. Niliona anavyorudi: mabega chini, mikono mapajani, rangi inamtoka usoni. Akamgeukia mzee Sastro.

"Naomba radhi kubwa," alinong'ona kwa Kijava cha juu. "Nilianza vizuri. Nilikuwa kwenye samahani ya pili."

Mama mkubwa Sunarti, mwenye umri wa kuwazidi wote pale, alianza kucheka. Akawa anatetemeka kwenye mkongojo wake. "Sastro," alisema, tena kwa Kijava cha chini, mbele ya wageni, "wewe miaka arobaini unanihutubia na sijawahi kusimama haraka hivi."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee Sastro alicheka pia. Alikipiga kofi kipaza sauti na kusema nasaha zimekwisha, leteni wali. Tukala tumesimama, tumelowa, bibi harusi na bwana harusi ndani ya kundi, maua yangu yamenishukia sikioni, na sijapata kuhudhuria harusi tamu kama ile.

Mama alimsubiri wifi mpaka wageni wakaondoka. Nilikuwa nao jikoni.

"Hilo neno," mama alisema. "Maana yake nini?"

"Simameni, mama. Simameni nyote."

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo tu. Naomba radhi."

"Mimi ndiye wa kuomba radhi," mama alisema. "Nimekufundisha kuomba ruhusa miaka yote hii. Kupiga kelele sikukufundisha, kwa sababu sijui." Akavuta kigoda, akaketi mbele yake kama wifi alivyokuwa akiketi zamani. "Hebu nitajie pole pole."

Wifi akataja. Mama akarudia, na lilitoka kama anamwomba mtu ampishe njia kanisani.

"Kwa tumbo, mama."

"Tumbo langu halijazoea."

"Shika hapa. Sema kama kuku yuko kwenye mchele."

Mama alijaribu tena. Mlango wa nyuma ulifunguliwa na jirani akauliza kama kuna usalama. Mama alifurahi kupita kiasi.

Baada ya hapo alitaka kwenda kuona maneno hayo yanakotoka. Mwaka uliofuata tulikwenda wote Balige, kaka, wifi, Lintang, mama na mimi na Hananto. Tumpal na ndugu zake walitupokea kwa kelele zilizomfanya Hananto anishike mkono. Mama hakushtuka. Alisimama mbele ya mabwana wale wenye vifua kama milango, akavuta pumzi, akatoa salamu yao, "Horas!", kwa nguvu zake zote, ambazo kule zilikuwa sawa na za mtoto wa chekechea, na wakampigia makofi.

Aliyepata shida alikuwa wifi. Alimsalimia kaka yake kwa kuinama. Akaletewa samaki, akasema asante ameshiba; akaletewa tena, akasema tena ameshiba, akisubiri mara ya tatu kama ilivyo kwetu. Mara ya tatu haikuja. Samaki aliliwa.

"Nilikuwa namtaka," alisema, kwa Kibatak, kama alivyotutafsiria baadaye, lakini kwa sauti ya Solo.

"Umesema umeshiba!" Tumpal alinguruma. "Mara mbili! Kwani wewe siku hizi tumbo lako linasema uongo?"

"Na anaelekeza kwa dole gumba," mdogo wao akaongeza. "Nimemuuliza choo kiko wapi, nikadhani ananisifia."

"Nyie hamna adabu," wifi alisema.

"Hatukusikii, dada. Sema kama mtu."

Akasema kama mtu. Ilimchukua nusu ya mchana, ila ilirudi yote, na jioni alikuwa amesimama juu ya benchi akimalizia hadithi ya turubai, akiigiza mzee Sastro kwa Kijava na yeye mwenyewe kwa Kibatak, na wote wanalia kwa kucheka. Lintang alikuwa akienda huku na huku kati ya watu. Akifika kwa wajomba alipaza sauti, akifika kwa mama yangu aliishusha, na wala hakuna aliyemfundisha.

Mama yake wifi, mama Tumpal, hakujua Kijava, na Kiindonesia chake kilikuwa cha maneno machache ya sokoni. Mama yangu hakujua Kibatak zaidi ya salamu na lile neno. Walikaa uani na beseni la pilipili za kule, zile ndogo zinazotia ganzi ulimini, wakizitoa vijiti. Nilipita nikawasikia wanaongea. Mama Tumpal alikuwa akieleza jambo refu kwa Kibatak, na mama anaitikia. Kisha mama akaanza lake, nami nikasimama.

Alikuwa akiongea Kijava cha chini. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akikitumia na mtu mzima yeyote tangu baba alipofariki, alikuwa akimwongelesha yule bibi kama wasichana wanavyoongea mtoni. Alikuwa akimsimulia habari za mguu wake, na jinsi baba alivyokuwa akikoroma, na mambo mengine ambayo siyaandiki. Mama Tumpal hakuelewa hata neno moja. Alicheka pale pale panapotakiwa, akampiga mama kofi la paja, na mama akamrudishia.